Je, Wajua? Kutoka Visima vya Ngamia Hadi Banjo ya Minnesota

Sangailu, wadi ya pembeni kabisa mwa Ijara katika Kaunti ya Garissa, imekaa mahali pazuri kwa mtu mwenye masikio. Upande mmoja kuna malisho ya Wasomali na nyimbo zao za ngamia. Upande wa pili kuna msitu wa Boni, na ukiuvuka msitu huo umeingia Lamu, kwenye udi na vigoma. Mwezi huu tumechokonoa habari za muziki wa zamani na vyama vinavyoutunza, tukianzia hapa na kufika mbali kuliko tulivyotarajia.

Baba wa muziki wa Kisomali alizaliwa Moshi

Abdullahi Qarshe, ambaye Wasomali wengi humwita baba wa muziki wao wa kisasa, hakuzaliwa Hargeisa wala Mogadishu. Alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924, kwenye nchi ya migomba na kahawa chini ya Kilimanjaro. Alikulia Aden, na huko ndiko alikoushika udi, ala ya nyuzi ambayo Wasomali huiita kaban. Mwaka 1955 akaanzisha Walaalo Hargeysa, kundi lililowaweka waimbaji, wapigaji na waigizaji kwenye jukwaa moja.

Mwanafunzi wake mmoja, Ahmed Ismail Hussein, maarufu kama Hudeydi, aliuhamishia udi huo London na kuwafundisha vijana nyumbani kwake hadi uzeeni. Korona ilimchukua Aprili 2020, akiwa na miaka 91. Watanzania, mnaye mtu wa kujivunia hapo, na sijui kwa nini hamjivuni.

Lori bovu lilizaa muziki mpya

Kila aliyewahi kulala njiani Ijara wakati wa mvua, lori limezama matopeni na turnboi ameenda kutafuta msaada, ataipenda hii. Katika miaka ya 1940 dereva mmoja wa Borama aitwaye Abdi Deeqsi aliharibikiwa na lori lake. Wenzake walimfahamu kwa jina la Sinimo, yaani sinema, kwa jinsi alivyopenda kuigiza na kuchekesha. Basi akiwa amekwama pale akatunga mistari michache ya mapenzi, mifupi, rahisi kushika.

Mistari hiyo ndiyo iliyoitwa belwo. Madereva waliisambaza mji kwa mji pamoja na sukari na majani ya chai. Vijana waliipigia makofi na ngoma, na pasipo ngoma debe tupu la petroli lilitosha. Masheikh walikasirika na washairi wakongwe wakacheka, kwani wao walizoea tenzi ndefu zenye kanuni kali ambapo sauti moja hurudiwa katika kila mstari kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hasira hazikusaidia. Belwo zikaunganishwa mbili mbili na tatu tatu, udi ukaingia, ukazaliwa mtindo wa heello, ambao ndio shina la karibu kila wimbo wa Kisomali utakaousikia leo kwenye matatu ya Garissa.

Bluegrass ni mdogo kwa Ikhwani Safaa kwa miaka 40

Ukiusikia muziki wa bluegrass wa Marekani, ule wa banjo, fidla, mandolini na sauti nyembamba zinazopanda juu kama zinauma, utadhani uliletwa na mababu kwenye merikebu. La hasha. Bill Monroe wa Kentucky alikuwa na bendi yake, Blue Grass Boys, tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, lakini mlio tunaoujua ulikamilika Desemba 1945, alipojiunga naye kijana Earl Scruggs aliyepiga banjo kwa vidole vitatu. Muziki wenyewe ukapewa jina la bendi.

Sasa linganisha na Unguja. Chama cha taarab cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Yaani wakati Scruggs anapanda jukwaani, wazee wa Ikhwani walikuwa wameshatimiza miaka 40 ya mazoezi, na chama chao kiko hai mpaka leo. Mbegu ilikuwa imepandwa kabla ya hapo: Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim hadi Misri akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi, kisha arudi kuwafundisha wenzake. Jina la chama liliazimwa kutoka kwa wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10. Hebu niambie, ni bendi gani ya siku hizi inayojiita kwa jina la wanafalsafa?

Wamarekani nao walikuja kupenda vyama, ila walichelewa. Mashindano ya wapiga fidla ya Galax, Virginia, yalianza 1935, na chama cha kimataifa cha bluegrass kikaundwa 1985 huko Owensboro, Kentucky.

Na kwetu vyama havikuwa vya wanaume peke yao. Unguja ilikuwa na vilabu vya taarab vya akina mama vilivyojiita Royal Air Force na Royal Navy, majina ya majeshi ya Mwingereza. Vita vyao vilikuwa vya sare, vijembe na nani kamjibu nani. Dar es Salaam nako, Egyptian na Al-Watan walikuwa watani wa jadi.

Banjo ni Mwafrika

Chombo kinachoonekana kuwa cha Wazungu wa milimani kuliko vyote kilivuka bahari pamoja na watumwa kutoka Afrika. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa tatu wa Marekani, aliandika hivyo waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1785.

Ushahidi bado unapigwa. Wajola wa Gambia na Senegali wanacho chombo kiitwacho akonting: kibuyu kilichowambwa ngozi, mti mrefu, nyuzi tatu, na mmoja kati yake ni mfupi, wa kupigwa kwa kidole gumba tu. Banjo ya nyuzi tano inao uzi mfupi kama huo, na kidole gumba ndicho kinachoupiga. Mwaka 2000 mtafiti wa Gambia, Daniel Jatta, aliubeba akonting hadi Marekani akaupiga mbele ya wakusanyaji wa banjo. Walipoutazama mkono wake ukishuka juu ya nyuzi, waliona mtindo wao wenyewe wa kale, ule wa muziki wa dansi uliokuwepo milimani kabla ya bluegrass.

Wakipsigis walimgeuza mwimbaji wa Marekani kuwa nusu mtu nusu swala

Hii ndiyo naipenda kuliko zote, kwa hiyo mniwie radhi nikiirefusha.

Jimmie Rodgers alikuwa mfanyakazi wa reli aliyeimba kwa kuikatakata sauti kooni. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1933, akiwa na miaka 35. Hakuwahi kukanyaga Afrika. Santuri zake ndizo zilizokuja. Inasemekana wamishenari wa Kiingereza walifika nazo pamoja na gramafoni katika nchi ya Wakipsigis. Watu wakasikiliza, wakashangaa mtu gani huyu anayeimba hivi bila kuonekana, na jina lake likatamkwa Kikipsigis: Chemirocha.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na gari lililobeba mashine ya kunasa sauti, alifika Kapkatet karibu na Kericho. Alikuwa na mazoea ya kushika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza kutoka kwa mwimbaji hadi kwenye kinubi na kurudi tena. Pale alirekodi wasichana wakimwimba Chemirocha pamoja na kinubi cha Kikipsigis. Wakamweleza kuwa ni kiumbe wa ajabu, juu mtu, chini swala. Wimbo hauchukui hata dakika mbili. Wapenzi wa muziki wa nchi nyingine wameusikiliza kwa miongo mingi, ilhali walioimba hawakuwa na nakala.

Zaidi ya miaka 60 baadaye, maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey huko Afrika Kusini ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha rekodi hizo vijijini. Katika eneo hilo la Kericho walipatikana wazee waliokuwepo siku ile ya mwaka 1950, wakajisikia wenyewe wakiwa vijana.

Na mbegu ile ya Rodgers imeota. Kenya leo ina wapenzi wa muziki wa kantri kuliko wageni wanavyodhani, na mwimbaji wake maarufu, Elvis Otieno, hujiita Sir Elvis.

Mbwa mmoja aliwasikiliza Rodgers na Siti

Rodgers alirekodi kwa mara ya kwanza Agosti 1927, katika mji wa Bristol, kwenye mpaka wa Tennessee na Virginia. Kabla mwaka haujaisha tangu siku hiyo, Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, alipanda meli ya Bombay na kurekodi nyimbo za Kiswahili mwaka 1928. Kampuni mbili tofauti, mabara mawili tofauti, lakini lebo za santuri zao zilikuwa na picha ileile: mbwa aliyeinamisha kichwa akisikiliza gramafoni. Kufikia 1931, santuri za Siti na wenzake zilikuwa zimeuzwa kama 72,000. Ni wakati ambao gramafoni moja ilikusanya mtaa mzima, kwa hiyo waliosikia ni wengi mara nyingi zaidi ya walionunua.

Mwenda alitangaza dawa ya kichwa Nairobi, kisha akapiga gitaa Newport

Jean Bosco Mwenda wa Katanga alirekodiwa na Tracey huyohuyo mwaka 1952, akiimba Kiswahili na kulikwanyua gitaa kwa vidole viwili vilivyosikika kama wapigaji wawili. Umaarufu ulimleta Nairobi, ambako vipindi vyake vya redio vilidhaminiwa na Aspro, dawa ya kichwa. Mwaka 1969 alialikwa kwenye tamasha la muziki wa asili la Newport, Marekani, jukwaa lililojaa wapiga banjo na fidla.

Ngamia ana wimbo wa kila kazi

Mfugaji wa Kisomali haimbi tu kwa sababu amefurahi. Kuna wimbo wa kuwanywesha ngamia mara ya kwanza na mwingine wa kuwanywesha mara ya pili. Kuna wa kuwapandisha mizigo siku ya kuhama, kuna wa kusukasuka maziwa, kuna wa akina mama wanaposuka mikeka ya nyumba. Watafiti wa Kisomali wamezikusanya hadi zikajaza vitabu.

Kisimani wimbo ni mtambo. Vijana hushuka na kujipanga mmoja juu ya mwenzake, na ndoo hupanda kutoka mkono hadi mkono. Mpigo ukivurugika, maji humwagika. Hesabu yenyewe inatisha: ngamia mmoja mwenye kiu hunywa zaidi ya lita 100 kwa mkupuo, yaani mitungi mitano ya njano ile tunayochotea nyumbani. Wapo ishirini wanaosubiri nyuma yake. Bila wimbo, nani ataimaliza kazi hiyo? Kaskazini mwa Kenya wafugaji watakuambia pia kwamba mifugo huutambua wimbo wa mwenyewe na kusogea ukianza tu.

Nyimbo za wanawake nazo zina ulimwengu wao, na buraanbur ndiyo malkia: shairi la akina mama, ngoma, makofi, na mchezaji mmoja anayeingia katikati na shuka yake akizunguka. Hutaikosa kwenye arusi yoyote ya maana. Garissa ilitoa kundi la akina mama liitwalo Gargar, likarekodiwa na hao hao Ketebul kwenye albamu yenye jina linalonifurahisha kila nikilitaja, Garissa Express.

Kuna ndege anayechagua mluzi wa kwao

Twende sasa msituni, nyuma ya Sangailu. Waboni, wanaojiita Aweer, ni warina asali tangu enzi, na mwenzao wa kazi ni mlembe, ndege mdogo wa kijivu anayepiga kelele mtini ili umfuate hadi kwenye mzinga. Wewe unachukua asali, yeye anabaki na nta na mabuu. Bila binadamu mwenye moto na shoka, mizinga mingi haifikii.

Mwaka 1989 Mkenya Hussein Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walichapisha utafiti wao kuhusu Waborana wa kaskazini. Mrina asali asiye na ndege alihitaji wastani wa saa 8.9 kupata mzinga. Mwenye ndege, saa 3.2. Na ndege huitwa kwa mluzi mkali unaosikika umbali wa zaidi ya kilomita moja, unaopulizwa kwa kukunja viganja, au kupitia gamba la konokono, au tunda la mkoma lililotobolewa. Mluzi huo uliongeza maradufu uwezekano wa kumpata ndege.

Bado. Mwaka 2023 watafiti wengine waliwalinganisha Wahadza wa Tanzania, ambao hupiga mluzi wenye tuni, na Wayao wa Msumbiji, ambao hutoa mlio wa ulimi unaotetemeka na kumalizia kwa mguno. Waliicheza milio yote miwili kwa ndege wa pande zote mbili. Ndege wa Tanzania waliitikia mluzi wa Kihadza zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Kiyao, na wa Msumbiji wakaupenda zaidi wa kwao. Ndege wa porini, asiyefugwa wala kufundishwa na mtu, ana ladha ya muziki wa mkoa wake! Vyama vya muziki wa jadi vingependa wanachama kama hao.

Pembe ya Pate ni ndefu kuliko mchezaji wa mpira wa kikapu

Ukivuka Boni ukafika Lamu, ingia makumbusho uitazame siwa ya Pate. Ni baragumu la pembe za ndovu, lina urefu wa zaidi ya mita 2, limechongwa na kupambwa, na umri wake unazidi miaka 300. Haikupulizwa ovyo, ilikuwa ya kutawazwa kwa watawala na arusi za wakubwa. Lamu wenyewe walikuwa na yao ya shaba, nayo ipo hapo hapo.

Mji huohuo ndio uliomtoa Zein l'Abdin, aliyezaliwa 1939 na kufariki 2016, mkono mkubwa wa udi kuliko wote waliotokea pwani ya Kenya, kwa maoni yangu. Kipaji chake kilikuwa kuzichukua ngoma za Lamu na kuzihamishia kwenye nyuzi bila kuzipotezea miguu.

Kaseti zilizikwa ili zisife

Mwaka 1988 Hargeisa ilipigwa mabomu na ndege za serikali ya Somalia yenyewe, nyingine zikiruka kutoka uwanja wa ndege wa mji wenyewe. Redio Hargeisa ilikuwa na hazina ya miongo kadhaa ya nyimbo. Kanda zikasombwa hadi Djibouti na Ethiopia, na nyingine zikafukiwa ardhini mpaka mashaka yapite.

Leo kituo cha utamaduni cha Redsea mjini Hargeisa kinahifadhi zaidi ya kaseti na reli 10,000. Baadhi ya nyimbo zilitolewa upya mwaka 2017 kwenye albamu Sweet as Broken Dates, na ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Kaseti zilikuwa na kazi nyingine pia: mashairi marefu ya malumbano, kama mfululizo wa Deelley wa mwaka 1979 na 1980, yalisafiri kwa kurekodiwa na kunakiliwa tena na tena, mshairi wa mji mmoja akimjibu wa mji mwingine kwa sauti. Kumbuka kwamba Kisomali kilipata herufi zake rasmi mwaka 1972 tu. Masikio yalikuwa yameshazoea kuwa maktaba.

Minnesota ina chama cha banjo na mtaa wa Wasomali

Mwaka 1975 wapenzi wa banjo na fidla katika jimbo la Minnesota, kwenye baridi ya kugandisha ndevu, waliunda Minnesota Bluegrass and Old-Time Music Association. Chama hicho hukutanisha wapigaji wa kawaida, mwalimu, fundi, mstaafu, wakaketi duara na kupiga hadi usiku wa manane. Hakuna aliyedhani kwamba miaka ishirini baadaye jimbo hilo hilo lingekuwa makao ya Wasomali wengi kuliko jimbo lolote la Marekani.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mtaa wao mkubwa Minneapolis ni Cedar-Riverside, na katikati yake kuna jengo lililojengwa 1948 likiwa ukumbi wa sinema. Tangu 1989 linaitwa Cedar Cultural Center, na ni ukumbi wa muziki wa asili wa dunia nzima, bluegrass ikiwemo. Majirani walipobadilika, ukumbi nao ukabadilika. Kuanzia 2014 uliendesha mradi uitwao Midnimo wa kuwaalika wanamuziki wa Kisomali wakae kwa muda, wapige, wafundishe shuleni. Mmoja wao, Aar Maanta kutoka London, aliishia kutoa albamu ya nyimbo za watoto kwa Kisomali pamoja na watoto wa Minnesota waliozaliwa kwenye theluji na hawajawahi kumwona ngamia akinywa maji.